Bahati au riziki, nuksi au mtihani: uchague neno lipi, na umwambie nani

Mvuvi wa Mkokotoni, kaskazini ya Unguja, akirudi pwani na ndoo tupu hasemi kuwa ana bahati mbaya. Husema "leo riziki haikuwepo", akakunja wavu wake akenda zake nyumbani. Mwenziwe aliyevua maji yale yale akarudi na changu na tasi wa kutosha, naye hasemi kuwa ana bahati. Husema "Alhamdulillahi, Mungu katoa". Neno bahati lingeweza kukaa kwenye midomo yote miwili na sarufi isilalamike, lakini watu wa pwani pale wangejua mara moja kuwa msemaji hakukulia huku.

Kazi yangu ni kuwaandikia watu: kadi za harusi, risala za skuli, matangazo ya vifo, ujumbe wa pole ambao mtu anataka kuutuma lakini hajui aanze vipi. Swali linalonijia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Niseme bahati mbaya, au niseme nini?" Kamusi haisaidii sana hapo, kwa sababu huyazungusha maneno haya yenyewe kwa yenyewe: sudi ni bahati, nasibu ni bahati, nuksi ni mkosi, mkosi ni kisirani. Midomoni mwa watu wa Unguja na Pemba hayako hivyo. Kila neno lina anayeelekezewa. Maneno ya mema yanatofautiana kwa anayeshukuriwa, na maneno ya mabaya yanatofautiana kwa anayebebeshwa mzigo. Huko kwenye mabaya ndiko mtu anakoumizwa kwa neno moja lililochaguliwa ovyo, na ndiko nitakakokaa zaidi.

Bahati na riziki

Bahati ni neno jepesi, halina mwenyewe. Linakuja, linaondoka, halimtaji aliyelileta. Ndiyo maana linafaa kwenye mambo ya kubahatisha: mpira uliogonga mwamba ukaingia, kiti cha mwisho kwenye boti ya asubuhi, mtu uliyekuwa ukimtafuta ukakutana naye Darajani bila ya ahadi. Hapo sema bahati bila wasiwasi. Ukisema riziki utakuwa umelikuza jambo kupita kimo chake.

Riziki ina mwenyewe, na mwenyewe ni Mungu. Ni fungu. Chakula, kazi, mteja, mume au mke, mtoto, vyote ni riziki. Mgeni akikukuta unakula unamwambia "karibu, umekuja na riziki yako", na kweli anakaa anakula, hakuna aliyepunguziwa. Mwenye duka aliyekaa mchana mzima bila ya kuuza atakwambia "riziki iko njiani". Neno hilo linamlindia heshima yake: hakushindwa, hakuonewa, fungu lake la leo halijafika tu. Wazee wanasema riziki kama ajali, huitambui ijapo, na ajali kwao ina maana ambayo nitairudia chini.

Kwa hiyo mtu akikosa kazi aliyoiomba, au posa yake ikirudishwa, mwambie "haikuwa riziki yako". Usimwambie "huna bahati". La kwanza linaufunga mlango ule mmoja na kuiacha milango mingine wazi. La pili linageuza jambo la siku moja kuwa tabia ya mtu, kama vile kazaliwa nalo. Kama lazima utumie bahati, basi litie wakati uliopita: "hukubahatika mara hii". Tofauti ya "huna" na "hukubahatika" ni ndogo kwenye karatasi, lakini kwa aliyekosa ni kubwa.

Upande wa pili, usimwambie mtu aliyehangaika kuwa ana bahati. Januari 2024 timu ya Mlandege ya Unguja iliifunga Simba bao 1-0 kwenye fainali ya Kombe la Mapinduzi pale uwanja wa Amaan, na ilikuwa mara ya pili mfululizo kulichukua kombe hilo. Mwambie shabiki wa Mlandege kuwa ile ilikuwa bahati, uone uso wake. Bahati humvua mtu jasho lake. Vivyo hivyo binti aliyefaulu mtihani baada ya kukesha na taa ya chaji: kumwambia "una bahati wewe" ni kumfuta. Na kuna jambo jengine hapo, zito zaidi kwetu. Ukimwambia mtu "una bahati" bila ya kutanguliza Mashaallah, wapo watakaosikia kijicho ndani yake, hata kama moyo wako mweupe. "Mashaallah, Mungu akuzidishie" linasema yote uliyotaka kusema na halimtii mtu hofu.

Nasibu nitalipita upesi. Peke yake ni fungu la mtu, linakaribiana na riziki, na wazee hulitumia zaidi katika ndoa: kila mtu na nasibu yake. Likishikana na bahati, bahati nasibu, ni mchezo wa tiketi, na kwa watu wengi wa visiwani huo ni kamari. Kwa hiyo kwenye kadi ya harusi usiyakutanishe.

Neema na baraka

Pemba, mwaka ambao mikarafuu imebeba huitwa mwaka wa neema. Mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka. Hutoa mavuno makubwa mwaka mmoja, kisha miaka inayofuata ikapumua. Neema ikija huwafikia wengi: mwenye shamba, mchumaji, wanawake wanaochambua karafuu na vikonyo usiku barazani, kijana wa gari la kupeleka magunia, na hata anayeuza chai njiani. Ukipita barabara ya Chake kwenda Wete siku hizo, karafuu zimeanikwa juu ya majamvi na harufu inakufuata mpaka ndani ya gari. Neema haimwelekei mtu mmoja. Mvua ya wakati wake ni neema, amani ni neema, afya ya mji ni neema. Mtu akipata gari peke yake, neema ni neno pana mno.

Baraka haionekani siku ya kupata, inaonekana baadaye. Watu wawili wamepima karafuu siku moja, wakapokea pesa sawasawa. Mmoja, mwezi haujesha hana kitu, na ukimuuliza zimekwenda wapi hajui. Wa pili kaezeka bati, kalipa deni la dukani, kamnunulia mama yake godoro, na bado kuna kitu kwenye mkoba. Watu hawasemi wa pili ana bahati, maana walipata sawa. Wanasema pesa zake zina baraka. Pesa ya wizi na ya dhulma husemwa haina baraka, wala humsikii mtu akisema haina bahati.

Basi mtu akifungua duka, akihamia nyumba, akinunua chombo, neno lake ni baraka: "Mungu akutilie baraka." Kitu ameshakipata, kilichobaki ni kukaa nacho. Kumtakia bahati wakati huo ni kumtakia alichokwisha kukipata.

Kheri

Simu inalia saa nane za usiku. Unaangalia jina, ni ndugu yako aliye Wete. Husalimii, huulizi "habari za saa hizi". Neno la kwanza ni "Kheri?" Naye kama ni kheri atakujibu "kheri, kheri, usishtuke", ndipo aeleze shida yake. Kama si kheri atanyamaza kidogo kabla ya kusema, na wewe utakuwa umeshakaa kitako kitandani.

Hakuna neno jengine linaloweza kukaa hapo. Kheri ndilo neno la kwanza visiwani, na mtu akikwambia ameota ndoto, kabla hajaisimulia unamwambia "kheri inshallah" ili ndoto ipokewe vizuri. Watoto huko chuoni, yaani madrasa, wanafundishwa kuamini qadari, kheri yake na shari yake, zote kutoka kwa Mwenyezi Mungu, kabla hawajajua kuandika majina yao. Kwa hiyo kheri ina upana ambao bahati haina. Inaweza kuwemo ndani ya jambo baya. Umekosa boti, ukakasirika, mtu mzima akakwambia "pengine ndiyo kheri yako". Huwezi kusema pengine ndiyo bahati yako ukaeleweka vile vile.

Siku hizi naliona sana "nakutakia bahati njema", kwenye simu na kwenye mabango ya skuli. Sarufi yake haina kosa, ila mimi silipendi kwa watoto wanaokwenda kufanya mtihani. Linawaambia kuwa wanakwenda kubahatisha, nao wamesoma miaka minne. "Kila la kheri" linawatakia mwisho mwema bila ya kuwavua kazi yao. Kwa anayesafiri, "safari njema na kila la kheri". Kwa mgonjwa anayesubiri kupasuliwa, "inshallah kheri" linatosha na halihitaji kuongezwa kitu.

Kuhusu maandishi: vitabu vingi huandika heri, mdomo wa Zanzibar unasema kheri. Kadi ya watu wa huku naandika kheri, risala ya serikali naandika heri. Lakini kwenye kulinganisha mambo, heri bila ya "kh" ndiyo iliyozoeleka machoni hata kwetu, kama katika methali "heri nusu shari kuliko shari kamili", na "kwaheri" hivyo hivyo. Baya ni kuchanganya kwenye karatasi moja.

Kujaaliwa

Hili ni kitenzi na linasahauliwa, nalo ndilo linaloponya kuliko yote. Wapo mume na mke walioishi miaka bila ya mtoto. Utasemaje juu yao? "Hawana bahati" ni ukali. Neno tasa sitaki hata kuliona kwenye karatasi yangu. Watu wa adabu husema "Mungu hajawajaalia bado". Angalia "bado" ilivyowekwa mwisho, mlango hausindikwi. Na mtu akiuliza mbele yao, kama watu wanavyouliza bila ya kufikiri, "vipi, mna watoto wangapi?", wao wenyewe wana jibu tayari: "hatujajaaliwa bado, tuombeeni". Mazungumzo yanaendelea, hakuna aliyeona haya.

Mkosi, nuksi, kisirani, uchuro

Haya manne yanachanganywa kila siku, na yakichanganywa kuna mtu anayelipa.

Mkosi ni wa siku au wa jambo. Umetoka nyumbani kandambili imekatika, daladala imekupita, umefika kazini umeme hakuna: "leo siku ya mkosi". Kesho umekwisha. Mkosi unatoka, na watu wana njia zao za kuutoa: sadaka, dua, kuoga. Makunduchi kila mwezi wa Julai hufanywa Mwaka Kogwa, na jina lenyewe linataja kuoga. Wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba ili kinyongo cha mwaka mzima kiishe pale pale, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake na khanga zao mpya wanaimba, kisha watu wanashuka baharini. Wapo wanaoipenda mila ile na wapo wanaoipinga kwa dini, na hilo lina pahala pake. Kwa upande wa lugha inaonesha wazi kuwa mabaya ya mwaka ni kitu kinachooshwa kikaenda na maji. Ndiyo maana mkosi ndilo neno la kutumia pale unapotaka kusema jambo limeharibika bila ya kumharibu mtu.

Nuksi haitoki. Nuksi humganda mwenyewe, naye ni mtu, nyumba au chombo. Utasikia "ngalawa ile ina nuksi", kila aliyeinunua kapata hasara. Hapo hakuna aliyeumia, ngalawa haina masikio. Lakini sikiliza hili. Bibi harusi kaingia kwa mumewe siku ya Jumapili. Katikati ya wiki baba mkwe kaugua. Wiki iliyofuata mume kasimamishwa kazi. Hakuna aliyesema kitu mbele yake. Ila jikoni, wifi mmoja anakuna nazi, mbuzi iko chini ya paja, anasema bila ya kuinua kichwa: "tangu kuingia mguu huu." Hakuitaja nuksi, na wala hakuhitaji. Mwenye kupepeta mchele pembeni ameshasikia, na kabla ya magharibi limeshafika nyumba ya tatu. Tokea siku hiyo sahani ikivunjika ni yeye, mtoto akipata homa ni yeye. Nimeona wanawake waliokaa kwenye nyumba za waume zao miaka mingi wakiwa wamebeba neno moja la siku ya pili ya ndoa.

Kwa hiyo hapa sina ushauri wa pande mbili. Nuksi juu ya mtu aliye hai siiandiki, hata mteja akilipa. Katika Sura Yasin watu wa mji waliwaambia mitume waliopelekwa kwao kuwa wamewaletea kisirani, wakajibiwa kuwa kisirani chao wanacho wenyewe. Sura hiyo husomwa majumbani mwetu usiku wa kuamkia Ijumaa, na wengi wameihifadhi. Natamani aya ile ikumbukwe na jikoni pia.

Kisirani nacho kina pande mbili, bahati mbaya na hasira, na zote zimo ndani ya neno moja. Mtoto anayelia bila ya sababu ana kisirani. Mzee aliyeamka hataki kusemeshwa ana kisirani. Mteja wa kwanza wa asubuhi pale sokoni akauliza bei ya nyanya, ya bilingani, ya ndizi, akaziminyaminya zote akaondoka: "kanitia kisirani huyu". Ni la mambo madogo yanayoharibu roho, na kikombe cha kahawa kinaweza kulimaliza. Tumia kisirani kwa kero ya asubuhi. Kwenye msiba usilitie kabisa, litaonekana limeudharau.

Uchuro ni wa mdomo, na unakuja kabla ya jambo. Harusi ni kesho, mtu kasimama mlangoni anaangalia mawingu: "mvua hii itawaharibieni." Shangazi atamkata hapo hapo: "Acha uchuro wako!" Watu wamo ndani ya boti, nanga haijang'olewa, mmoja anaanza kuhadithia vyombo vilivyozama: "Usituchurie bwana." Bundi akilia juu ya paa watu huuita uchuro vile vile, naye kasingiziwa usemi wa watu. Tofauti yake na mkosi ni ya wakati: uchuro hutangulia jambo, mkosi huja nalo. Na uchuro una wa kumlaumu, yule aliyesema.

Kinyume cha uchuro ni fali, neno ambalo vijana wengi hawalijui tena. Waarabu wa zamani walikuwa wakitazamia mambo yao kwa namna ndege anavyoruka, na Waswahili nao walikuwa wakisema ndege njema na ndege mbaya kwa maana hiyo hiyo. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliukataza mkosi wa ndege na mkosi wa mwezi wa Safar, akasema kinachompendeza ni fali, akaieleza kuwa ni neno jema. Wazee wetu walikuwa na mazoea ya kutofunga ndoa katika Safar, ambao kwa hesabu yetu ni Mfunguo Tano, na baadhi ya nyumba bado wanaikwepa. Mtu akikuletea tarehe ya mwezi huo kwa ajili ya kadi, usimchurie. Mwandikie kheri.

Balaa, shari, ajali, msiba, mtihani

Sasa mambo makubwa, na hapa "bahati mbaya" inazidi kupwaya.

Shari hufanywa na watu. Ugomvi, fitina, mtu anayetafuta shari barazani usiku. Ukiita mafuriko shari utakuwa unatafuta aliyeyafanya. Balaa huteremka lenyewe: moto, maradhi, njaa. Angalia tu kuwa vijana wameligeuza kuwa sifa. Mtu akikwambia pweza wa Forodhani ni balaa, anakuambia ukale. Kwa sababu hiyo kwenye ujumbe wa pole utakaosomwa na watu wa kila umri, mimi naliacha.

Ajali ndilo neno linalohitaji uangalifu kuliko yote, kwa sababu limebeba zama mbili. Kwa wazee ajali ni siku ya kufa ya mtu iliyoandikwa, ambayo haisogei mbele wala nyuma. Ndiyo maana husemwa ajali haina kinga, na ndiyo iliyomo kwenye ile methali ya riziki niliyoitaja juu. Kwa watu wa leo ajali ni gari kugongana na gari. Maana hizi mbili zikikutana kwenye sentensi moja, ya pili hujificha nyuma ya ya kwanza.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama karibu na Nungwi ikiwa imejaza watu na mizigo kupita uwezo wake. Hakuna kijiji cha Pemba kisichomjua mtu aliyepoteza mtu usiku ule. Kwa familia, neno ni msiba, na ni mtihani. Ukimwambia mama aliyepoteza wanawe kuwa ajali zao zilifika, unampa kitu cha kushika, kwa sababu analielewa neno kwa maana yake ya zamani. Lakini unapoandika juu ya namna chombo kilivyopakiwa, ukasema "ilikuwa ni ajali", maana ile ya kuandikiwa inapenya, na mwenye kuuliza habari za kupakia kupita kiasi anaonekana kama anashindana na Mungu. Hapo maneno yake ni uzembe na kosa, na tukio lenyewe liite kuzama kwa meli. Ama "bahati mbaya", haifai upande wowote: kwa wafiwa ni ndogo mno, na kwa waliopakia ni huruma wasiyostahili.

Msiba ni wa kifo na mambo yanayokaribia kifo. Huandikiwa pole, subira, na dua ya maiti, na hauna haja ya kupambwa. Maafa ni neno la ofisi, la mafuriko na moto na vimbunga, na lina Kamisheni yake Zanzibar. Mtu mmoja kwa mtu mwenzake halitumii.

Mtihani ndio chaguo langu kwa karibu kila kilichobaki. Mchumaji kaanguka kutoka juu ya mkarafuu kavunjika mguu, katikati ya msimu, na watoto wanamtegemea. Umekwenda kumtazama. Kalala kwenye kitanda cha kamba, mguu juu ya mto, mkewe anapepea nzi. Ukimwambia "bahati mbaya", umesema kitu kinachoweza kusemwa juu ya simu iliyoanguka ikapasuka. Ukimwambia "mkosi", atajiuliza kafanya nini. Ukisema "pole sana ami, huu mtihani", atashusha pumzi na kujibu "mtihani, Alhamdulillahi kwa kila hali". Aliye kwenye mtihani hakuadhibiwa wala hakulogwa. Anatazamwa atavyosubiri, na wewe umekaa naye.

Mpaka wake ni mmoja. Usilitumie mtihani kwa jambo ulilolifanya mwenyewe. Umemkopa mtu pesa hukulipa, kaja kukudai, ukamwambia "mtihani ndugu yangu": huo si mtihani, hilo ni deni.

Ya mashairi, na ya majina

Sudi, jaha, nyota na nuhusi ni maneno mazuri yaliyobaki zaidi kwenye ushairi na kwa watu wa falaki. Nyota za sudi na nyota za nuhusi, yaani za mkosi, zilikuwa zikitazamwa kabla ya safari na ndoa, na bado utasikia kuwa nyota za fulani na fulani hazikukubaliana. Kwenye kadi ya leo sudi litawafanya wageni waulizane. Kwenye shairi la kumtukuza bibi harusi lichukue kwa mikono miwili, lina vina vyepesi: zawadi, ahadi, waridi. Jaha nalo linakaa vizuri na furaha.

Kwa majina ya watoto maneno haya huishi muda mrefu kuliko kwenye kadi yoyote, kwa hiyo chagua taratibu. Riziki ni jina lililozoeleka visiwani na halijawahi kumchosha mwenyewe. Baraka, Neema, Mwanakheri, Bahati, Sudi na Masoud, yote yana salama yake, ingawa mimi kati ya Bahati na Baraka ningechukua Baraka kwa sababu nilizozieleza.

Yako majina ya upande wa pili, Mashaka, Shida, Tabu, ambayo wazee waliyatoa pale mama alipoteseka au nyumba ilipokuwa na dhiki. Walikuwa wakiiandika siku ile isisahauliwe, na wengi walioitwa hivyo wameishi vizuri na majina yao. Lakini mtoto ndiye atakayeitwa hivyo skuli, hospitali na siku ya kuposa. Kama unataka siku ile ikumbukwe, mwite Faraji akiwa mwanamme, au Faraja akiwa mwanamke. Anayelisikia jina hilo anajua kuwa palikuwa na dhiki, na anajua kuwa iliondoka.